Nepi za Mgeni

Jumamosi, 24 Februari 2024. Ujiji.

Nimefungua dirisha la chumba cha mama. Lilikuwa limefungwa tangu arobaini ya msiba wake, mwezi wa sita mwaka jana. Ndani kulikuwa na harufu ya mawese, ya kafuri na ya nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka vizuri. Harufu ileile iliyokuwa ikinilaki nikirudi shuleni. Nyuma ya mlango, kwenye msumari wake, mzani bado unaning'inia: ule wa springi, wenye ndoana, ambao mama aliununua kwa wauza samaki wa Kibirizi kabla sijazaliwa. Alikuwa mkunga wa mtaa huu. Alikuwa akimfunga mtoto mchanga katika upande wa kanga, akamtundika, akasoma mshale, kisha akamwambia mzazi, kama anayesifu samaki wa ziwani, "Mgebuka wako mnono huyu." Nusu ya Ujiji imepimwa hapo. Mimi pia.

Nimekuja kwa miezi miwili. Chuo kimenipa ruhusa ya utafiti: nitapima uzito na chumvi ya damu ya watoto wachanga, katika wiki mbili zao za kwanza, kwenye hospitali moja hapa mjini. Katika ombi langu niliandika kwamba nachunguza jinsi homoni zinavyosimamia maji mwilini mwa mtoto anapotoka tumboni. Sikuandika kwamba nilitaka sababu ya kulala tena katika nyumba hii. Huenda utafiti ndio kisingizio. Sina hakika.

Mvua imenyesha tangu adhuhuri.

Jumapili, 25 Februari

Mama mdogo Zuhra, mdogo wake mama, anaishi upande wa pili wa ua pamoja na mwanawe Abdulmajid, anayefanya biashara ya dagaa, na mkewe Lulu. Lulu ni binti wa mjomba wetu. Katika ukoo huu ndoa za ndugu ni jambo la kawaida; baba na mama yangu nao walikuwa watoto wa ndugu wawili.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umekonda. Huko Dar es Salaam chakula mnakiangalia tu?"

"Tunakila, mama mdogo."

"Na mimi naambiwa umekuwa daktari wa maji."

"Wa watoto wachanga. Na maji ya miilini mwao."

"Haya, basi umefika. Mwaka huu maji tunayo ya kukugawia. Ziwa limekula hadi pale ulipokuwa ukiogea na wenzako. Nenda ukaone, utalia."

Nilikwenda. Jiwe tulilokuwa tukifulia limezama. Imebaki miti miwili iliyokufa imesimama majini. Sikulia, lakini nilikaa muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Lulu ana mimba ya siku za mwisho. Ana binti wa miaka saba, mwenye afya na maneno mengi. Baada yake alizaa wavulana wawili. Wa kwanza aliishi siku kumi na tisa. Wa pili siku kumi na sita. Kwenye kadi zao zote mbili, ambazo Lulu anazihifadhi katika mfuko wa plastiki, pameandikwa: kutapika, kuishiwa maji. Nimezisoma mara tatu. Maneno hayo yanaeleza namna walivyokufa. Sababu hayaitaji.

Jumatano, 28 Februari

Lulu aliniuliza leo, huku akimenya mihogo, "Wifi, tumboni mtoto anakunywa nini?"

Nikamweleza. Anakunywa maji anamoelea, anayakojoa, anayanywa tena. Lakini figo zake bado ni wanafunzi. Kazi yenyewe ya kupima maji na chumvi hufanywa na kondo la nyuma na mwili wa mama. Siku anayozaliwa ndiyo siku ya kwanza ya kujitegemea. Juu ya figo zake zimekaa tezi mbili ndogo, kama kofia, na kutoka humo hutoka homoni inayoziambia figo: chumvi hii msiimwage, irudisheni mwilini. Chumvi ikirudi, maji huifuata.

Alisikiliza, kisu kimesimama.

"Kwa hiyo akiwa humu, mimi ndiye namshikia kila kitu."

"Ndiyo."

"Basi asitoke," akasema, akaendelea kumenya.

Jumamosi, 2 Machi

Saa nne asubuhi, hospitalini. Mvulana. Kilo tatu na gramu mia mbili themanini. Amelia kwa nguvu, amenyonya ndani ya saa moja. Nimemchunguza mwili mzima, sikuona kasoro. Mama mdogo alimgeuza huku na huku kama anayenunua kitambaa.

"Kamfuata babu yake. Tazama huku chini, na chuchu, utadhani kapakwa wino."

Wauguzi walicheka. Mimi pia.

Jumatatu, 4 Machi

Mvua. Lulu na mtoto wamerudi nyumbani. Wapo chumba cha ndani, pazia limeshushwa.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya saba, na hakuna akika wala jina. Nilimuuliza mama mdogo kwa upole.

"Wale wawili tuliwapa majina mapema, wakaondoka nayo," akajibu. "Huyu ni Mgeni. Akikaa arobaini yake ikatimia, tutamwita jina. Akitaka kwenda, aende na ugeni wake."

Kila mtu anamwita Mgeni. Lulu hamwiti chochote. Anamnyonyesha huku anatazama ukuta. Hajamnunulia hata kofia. Mtoto amevikwa ya zamani ya dada yake.

Nimempima kwa mzani wa mama, ndani ya kanga, kama zamani. Mshale umesimama kati ya tatu na tatu na robo. Kwa siku ya saba ningependa awe amekaribia uzito aliozaliwa nao. Lakini mzani wa samaki haujui gramu, na springi yake ina umri unaonizidi mimi.

Nikauliza swali ninalowauliza wazazi wote: "Anakojoa mara ngapi?"

"Nepi kumi na mbili jana!" Mama mdogo alisema kwa fahari. "Kumi na mbili, mwanangu. Mama yako angesemaje?"

Nilijua angesemaje. Tulisema pamoja: "Mtoto anayekojoa hafi."

Ni msemo wa mama. Ujiji nzima inaujua. Miaka mitatu iliyopita, nilipoandika kipeperushi cha kliniki, niliuvalisha nguo za kitaalamu: nepi sita au zaidi kwa siku ni dalili kwamba mtoto anapata maji ya kutosha. Kimebandikwa kwenye kuta za zahanati nyingi. Kila nikikiona, humwona yeye amesimama uani na kanga kiunoni, na moyo wangu hutulia. Ulitulia leo pia.

Jumanne, 12 Machi

Mwezi umeandama, leo ni Ramadhani ya kwanza. Mama mdogo amepika uji wa pilipili manga kwa kipimo cha mama. Kijiko cha kwanza kilinirudisha kwenye mkeka, miaka thelathini na sita nyuma. Nadhani ni ile tangawizi iliyomo.

Alhamisi, 14 Machi

Mgeni anacheua baada ya kunyonya. Watoto hucheua. Nepi kumi na tatu. Mzani umesoma tatu kamili, springi imechoka. Nikumbuke kuazima mzani wa hospitali.

Mbuzi wa mama mdogo waliingia uani wakatafuna nepi mbili zilizokuwa kwenye kamba, zimesuuzwa tu. Aliwafukuza kwa ufagio.

"Mashetani nyie! Majani yote haya ya masika, mnakula mikojo!"

Lulu alicheka. Ni mara ya kwanza namsikia akicheka tangu nije. Nami nikakumbuka kwamba nilipokuwa na miaka sita, masika ile alipozaliwa mdogo wangu Abdulkarimu, kazi yangu ilikuwa hiyo: kukaa kwenye kigoda chini ya kamba na fimbo ya mpera, kufukuza mbuzi. Nilijiona mtu mzima. Mama alikuwa akiniletea kipande cha mgebuka wa kukaanga pale pale kazini. Abdulkarimu hakufika hata mwezi, lakini kumbukumbu ya kigoda kile, jinsi ninavyoishika, ina furaha tu. Sijui kama ni haki.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua siku ya tatu. Dagaa hawakauki Kibirizi. Abdulmajid ameleta magunia mawili ya chumvi ya Uvinza aanze kuwatia kabla hawajaoza. Amesimama mlangoni akamtazama mwanawe.

"Dada Asia, mbona kama amepungua uso?"

Nikamjibu kwamba watoto hubadilika sura. Ni kweli, hubadilika. Mzani wa hospitali sijauazima. Barabara ilikuwa mto.

Mbuzi wamerudi. Kanga za Lulu na taulo za mama mdogo zilikuwa kwenye kamba hiyohiyo. Hawakuzigusa.

Jumatatu, 18 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi. Ni saa kumi alasiri. Nitaandika kwa mpangilio, maana nikirukaruka nitajisamehe mahali nisipostahili.

Saa mbili asubuhi binti wa Lulu alikuja kunigongea: "Shangazi, mama anasema Mgeni ametapika na hataki kuamka." Nilivuka ua. Mtoto alikuwa mapajani mwa Lulu, macho yamezama, midomo mikavu. Utosi ulikuwa umebonyea kama alama ya kidole kwenye ugali. Niliibana ngozi ya tumbo, ilibaki imesimama.

"Amekojoa?" niliuliza. Ndilo swali lililonitoka.

"Mara nne tangu alfajiri," alisema mama mdogo. "Shika, hii hapa imelowa sasa hivi. Anakojoa, mwanangu. Mtoto anayekojoa hafi."

Aliniwekea nepi mkononi. Ilikuwa nzito na ya vuguvugu. Ninakiri kwamba kwa muda mfupi nilihisi nafuu. Kisha nikahisi ulimi wangu mwenyewe umegandana na kaakaa. Nilikuwa nimefunga; tangu daku sikuwa nimeingiza tone la maji, na tangu alfajiri sikuwa nimekwenda haja. Mwili wangu, bila kuniuliza, ulikuwa umefunga milango yote. Ubongo umetuma homoni yake, tezi zimetuma yao, figo zimetii. Kila kiumbe chenye kiu hufanya hivyo. Na mtoto huyu, aliyekauka kuliko mimi mara kumi, alikuwa akimwaga maji kana kwamba hakuna aliyeziambia figo zake kwamba kuna kiu.

Hakuna aliyeziambia.

Nilitoka uani na ile nepi mkononi, nikitafuta hewa. Mbuzi jike alinyoosha shingo kupitia ua wa minyaa akaanza kuilamba. Sikumfukuza. Nilisimama nikimtazama, na kigoda changu cha utotoni, fimbo ya mpera, kamba, masika ile yote ilirudi. Safari hii ilirudi bila furaha.

Nilifikiri: chumvi. Wanafuata chumvi. Kisha nikajionya, maana mbuzi hulamba pia kuta na jasho, na mkojo wowote una chumvi kidogo. Huwezi kumchoma mtoto sindano kwa ushahidi wa mbuzi. Lakini uzito ulioshuka wiki ya pili, kutapika, wino ule kwenye chuchu na kwenye korodani, ambao tezi zikishindwa huweza kuuleta, wavulana wawili wa wiki ya tatu. Kila kimoja peke yake kina maelezo mengine. Nimeishi kwa kuheshimu maelezo mengine.

"Bajaji," nilimwambia Abdulmajid. "Sasa hivi."

Njiani Lulu hakulia. Tulipovuka mtaa wa Buzebazeba aliniambia, bila kunitazama, "Wifi, usiniambie atapona. Wale wawili nao niliambiwa watapona."

"Sitakwambia."

"Niambie unachokijua tu."

"Najua kwamba nimechelewa siku nne."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa hatimaye kitu kigumu cha kushika.

Daktari wa zamu, Feliksi, ni kijana makini. Alimwekea dripu ya maji ya chumvi mara moja. "Mwalimu, mimi naona ni maambukizi ya damu," alisema. Nikamjibu kwamba huenda ni kweli, tumpe dawa ya maambukizi. Na nikapeleka damu na mkojo maabara, kwa Erasto. Erasto ni Muha wa Kasulu, mcheshi, ambaye kila asubuhi hunisalimu kwa Kiha, "Mwakeye", na kusubiri nikosee kujibu. Leo hakunisalimu. Alitoka na karatasi mwenyewe.

"Mama, sodiamu ya damu mia moja na kumi na saba, chini mno. Potasiamu nane nukta nne, juu mno. Nimerudia mara mbili, nikadhani mashine nayo imefunga Ramadhani."

"Na mkojo?"

"Hapo ndipo sielewi. Chumvi yote iko kwenye mkojo. Damu haina, mkojo umejaa. Nani anaimwaga hivi?"

Nilimwomba atenge damu nyingine kwa ajili ya Dar es Salaam, kupima ile homoni inayolundikana tezi zikishindwa kazi yake. Kisha nikamwambia Feliksi kwamba nataka kumpa haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya homoni za tezi hizo, bila kusubiri jibu.

Abdulmajid alikuwa mlangoni. "Dada, una uhakika?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Nikikosea kwa kumpa, kwa siku chache madhara yake ni madogo. Nikikosea kwa kumnyima, hatafika jioni. Moyo wake hauwezi kubeba potasiamu hiyo."

Alitazama mikono yake. Ilikuwa na chembe nyeupe kwenye mikunjo ya vidole. "Nimeamka natia dagaa chumvi," alisema polepole. "Gunia zima. Na mwanangu ndani anaikosa chumvi?"

"Nadhani hivyo. Nadhani."

"Mpe," alisema. Lulu, nyuma yake, naye akasema, "Mpe."

Tumempa saa tano na dakika ishirini. Tumempa pia dawa za kuulinda moyo na kuishusha potasiamu.

Sasa saa kumi. Bado amelala. Nepi ya mwisho, iliyopimwa kwa mzani wa gramu, ni nyepesi kuliko ile ya saa sita. Nimeandika namba hiyo mara mbili pembezoni, nikaifuta mara moja, nikaiandika tena.

Jumanne, 19 Machi

Potasiamu sita na nusu. Sodiamu inapanda taratibu, kama tulivyokusudia. Ikipanda haraka itaumiza ubongo. Amefumbua macho saa tatu.

Jumatano, 20 Machi

Siku ya kumi na tisa. Hakuna aliyeitaja. Kila mtu aliijua. Jua lilipozama Lulu alinipa tende ya kufuturu kwa mkono wake, na mkono ulikuwa wa baridi.

Alhamisi, 21 Machi

Siku ya ishirini. Amenyonya kwa nguvu hadi Lulu akasema "Aa!" kwa maumivu, wodi nzima ikageuka.

Jumapili, 24 Machi

Wamerudi nyumbani. Mgeni atahitaji vidonge kila siku ya maisha yake, na akiugua homa tu, viongezwe haraka. Kile cha pili, kinachofanya kazi ya homoni ya chumvi, hakipo hapa. Mwenzangu amekituma kwa ndege. Maji ya chumvi nimeyapima maabara mwenyewe. Kipimo sikiandiki hapa, asije akakisoma mtu akampa mtoto asiyekihitaji.

Alasiri nilikuwa napanga nguo za mama. Mama mdogo aliingia akakaa kwenye kitanda kitupu. 

"Asia. Abdulkarimu alikuwa hivihivi."

"Najua, mama mdogo. Nadhani najua."

"Hujui. Ulikuwa na miaka sita. Alikojoa mpaka saa ya mwisho. Mama yako alikuwa akibadilisha nepi na huku anatuambia tusilie, mtoto anayekojoa hafi. Nepi ya mwisho tuliikuta imelowa tulipomwosha. Siku ya kumi na nane." Alikunja kanga, akaikunjua. "Baada ya hapo hakuusema tena. Mpaka anakufa. Umewahi kumsikia mwenyewe, kwa masikio yako?"

Nilitafuta. Namwona uani, kanga kiunoni, akisema maneno yale. Lakini sauti ninayoisikia ni ya mama mdogo, au ya majirani, au yangu. Kumbe picha ile niliyoitegemea miaka yote niliishona mwenyewe.

"Tuliusema sisi," alisema. "Yeye alinyamaza, sisi tukadhani ni huzuni. Nakumbuka alianza kupima. Zamani alikuwa akipima siku ya kuzaliwa tu, ili wazazi wafurahi. Baada ya Abdulkarimu alipima kila Ijumaa mpaka arobaini, kila mtoto, mvua au jua. Watu walimcheka. Wakamwita Bi Mizani."

Nami nikakumbuka Ijumaa zile. Nilidhani ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Hakuwa na maabara wala jina la ugonjwa. Alijua tu kwamba nepi inaweza kudanganya, akatafuta kitu kisichodanganya, akakitundika nyuma ya mlango. Na mimi, mwenye shahada tatu, niliposoma mshale wake nikailaumu springi. Niliuchukua msemo alioutupa, nikauchapisha; mzani aliouacha sikuuamini.

Au pengine nampa hekima ambayo hakuwa nayo, kwa kuwa nimemkosa. Pengine alipima kwa hofu tu. Siwezi kumuuliza.

Ijumaa, 29 Machi

Kilo tatu na robo kwa mzani wa mama, tatu na gramu mia mbili hamsini na tano kwa wa hospitali. Springi haina kosa lolote.

Jumatano, 3 Aprili

Barua pepe kutoka Dar es Salaam. Barafu iliyeyuka njiani, damu imeharibika, haikupimika. Sasa mtoto yumo kwenye dawa, kipimo hicho hakitasema kitu. Kuna njia ya kuchunguza vinasaba, ya baadaye na ya mbali. Kwa hiyo ninachokijua kitabaki hiki: mtoto alikuwa anakufa kwa namna inayofanana na ugonjwa fulani, akapewa dawa yake, hakufa. Katika mtihani nisingempa mwanafunzi alama zote kwa hoja hiyo.

Nilimweleza Lulu hivyo. Alifikiri.

"Wifi, dawa aendelee nayo?"

"Aendelee. Usikose hata siku moja."

"Basi hayo mengine ni ya kwenu huko chuoni."

Na vipi kuhusu ukoo, ndoa za ndugu, wajukuu watakaokuja? Nimemwambia Abdulmajid kwamba tutazungumza, wote, baada ya Idi. Ndoa zetu zimetuhifadhia nyumba hii na hadithi zake. Huenda zimetuhifadhia na hili.

Jumapili, 7 Aprili

Jua siku nzima. Kibirizi kote kunang'aa dagaa. Nimeandika upya mstari ule wa kipeperushi na kuutuma chuoni.

Jumatano, 10 Aprili. Idi.

Mwezi umeonekana jana, na leo ni siku ya arobaini. Mama mdogo anasema zimekutana kwa makusudi.

Pazia la chumba cha ndani limepandishwa. Lulu alitoka uani na mwanawe akiwa amevaa kofia mpya, nyeupe, iliyomzidi kichwa. Ameinunua mwenyewe juzi, bila kumwambia mtu. Alikuwa akimtazama usoni, akimsogezea kofia isimzibe macho, na akimsemesha kwa sauti ndogo: "Tulia, Abdulkarimu. Tulia baba, watu wakuone."

Ndivyo nilivyolijua jina. Mama mdogo alinitazama kuona nitafanya nini.  Nilikuwa nimeshika sahani ya tambi na niliendelea kuishika.

Majirani walijaa. Bi Wema, wa nyumba ya tatu, alimpokea mtoto, akamrusharusha, akanipa. Mara gauni langu la Idi likapata joto kuanzia kifuani hadi gotini. Uani kote kicheko.

"Hongera, Daktari, umebatizwa!" alisema Bi Wema, ambaye ni Mkristo na hapotezi nafasi. "Usikasirike, ni heri hiyo. Si mama yako alikuwa akisema? Mtoto anayekojoa..."

"Shoga," mama mdogo alimkatiza, huku tayari anavuka kwenda chumbani kwa mama. Alirudi na mzani, akautundika kwenye tawi la mpera, akatandika upande wa kanga. "Kwanza mpime."